Kugeuza shakeli za mbele kwenye Suzuki SJ413: shajara ya mradi

Mei, kabla ya kukata chochote

Gari ni Suzuki SJ413 fupi, injini ya cc 1,324, usukani kulia, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za bapa pande zote nne. Kazi yake ni kunitoa Arusha hadi Engaresero na kunirudisha, na mara nyingine kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Sale. Aliyepita Mto wa Mbu, Selela na Engaruka hadi chini ya Ol Doinyo Lengai anaijua njia ile: vijituta vya mfululizo vinavyolegeza kila nati, halafu ghafla korongo la mchanga limekatiza. Kati ya ekseli na ekseli gari hili lina milimita 2,030 tu, kwa hiyo kila kinachogonga mbele kinafika mgongoni kwa dereva.

Malalamiko yangu ni ya mbele. Nyuma inapita, mbele inagonga. Ukichungulia chini sababu unaiona. Springi ya bapa ina ncha mbili: moja imefungwa palepale kwenye chesisi, nyingine imening'inia kwenye shakeli, yaani vile vibati viwili vinavyobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa. Kwenye Suzuki hii shakeli za mbele ziko mbele kabisa, karibu na bampa, na ncha iliyofungwa iko nyuma ya gurudumu. Jeep za CJ ziko hivyo, na Land Cruiser za FJ40 na BJ40 pia. Land Rover za Series II na III ni kinyume: mbele imefungwa, nyuma inabembea.

Gurudumu likikutana na jiwe linapanda, springi inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Urefu huo lazima uende upande wenye shakeli. Kwa hiyo gurudumu la gari langu, wakati linapanda, linasogea pia mbele, kulifuata jiwe lililolipiga. Ni sawa na kusukuma toroli kwenye kokoto badala ya kulivuta. Shakeli ikiwa nyuma, gurudumu linapanda huku likirudi nyuma, na kipigo kinapungua makali. Nadharia nzima ya kugeuza shakeli ni hiyo. Yaliyobaki ni gharama zake.

Mei, baadaye kidogo

Nilitaka kwanza kujua ni kiasi gani cha ugumu ule kinatokana na uchakavu tu. Springi zote mbili zikashushwa. Bushi za mpira, zile zinazokaa ndani ya macho ya springi, yaani matundu ya ncha zake, zilikuwa zimegandana na bolti kiasi kwamba shakeli ya kushoto haikubembea hata ulipoining'inia kwa mkono. Shakeli isiyobembea ni sawa na kutokuwa nayo, maana springi inabaki imebanwa ncha zote mbili. Katikati ya mabapa kulikuwa na kutu ya unga mwekundu, na bapa la pili lilikuwa limechimba mfereji kwenye bapa kuu pale ncha yake inaposugua.

Mabapa yakasuguliwa, ncha zikalainishwa kwa grinda, grisi kidogo, bushi mpya za mpira, bolti mpya. Shokapu zilikuwa zimekufa, zikabadilishwa. Upepo wa matairi ukashushwa hadi psi 22 kwa njia ya vumbi.

Tofauti ilikuwa kubwa, na nasema hili mapema kwa faida ya anayesoma akiwa na grinda mkononi: sehemu nzuri ya ugumu iliondoka hapo, kwa bei ya bushi na siku moja ya jasho. Kama gari lako linatembea polepole na kazi yake ni mawe, ningekushauri uishie hapa. Mimi niliendelea kwa sababu njia yangu ni ndefu na mwendo wangu kwenye vumbi ni kilomita 60 hadi 70 kwa saa, na kwenye mwendo huo kile kipigo cha mbele bado kilikuwepo.

Juni: kwa nini kiwandani waliiweka mbele

Kabla ya kumsahihisha mhandisi wa Suzuki kule Hamamatsu, Japani, ni heri kumwelewa. Nimepata sababu tatu zinazoshika, na zote zitarudi kunidai baadaye.

Ya kwanza ni propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Propela ya mbele inatoka kwenye transfa, yaani boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, lililo nyuma na juu, kwenda kwenye difu, zile giya za ndani ya ekseli. Ekseli ikishuka, propela inahitaji kurefuka. Shakeli ikiwa mbele, ekseli inaposhuka inarudi pia nyuma kidogo, na mambo hayo mawili yanafutana, hivyo propela haihangaiki. Ukigeuza, ekseli inashuka huku inakwenda mbele. Mambo hayo yanajumlishana.

Ya pili ni breki. Ncha iliyofungwa ikiwa nyuma ya ekseli, nguvu ya breki inasaidia kuinua pua ya gari. Ikiwa mbele, nguvu hiyohiyo inaivuta pua chini.

Ya tatu ni kupanda, nayo ni breki iliyopinduliwa. Magurudumu ya mbele yakivuta, muundo wa kiwandani unaikandamiza pua na ule uliogeuzwa unaiinua.

Kuna na habari ya usukani. Kwenye magari ambayo fimbo ya usukani inakwenda mbele na nyuma sambamba na chesisi, ncha iliyofungwa inatakiwa iwe upande uleule lilipo boksi la usukani. La sivyo, springi inachora tao lake na fimbo inachora lingine, na usukani unajigeuza wenyewe kila unapopita shimo. Kwenye Suzuki fimbo inakatiza kutoka boksi kulia kwenda gurudumu la kushoto, kwa hiyo kusogea kwa ekseli mbele na nyuma hakuigusi sana. Hapo nilishusha pumzi.

Juni: vipimo

Chombo changu bora katika mradi huu kimekuwa utepe wa plastiki wa kufungia nyaya. Unaufunga kwenye sehemu ya propela inayoteleza, unausogeza ugusane na ukingo wa ala, yaani bomba ambamo sehemu hiyo inaingia, kisha unaendesha. Ala ikiingia inausukuma, na ukirudi unapima ulikohamia. Kwa upande wa kurefuka, unapaka mstari wa rangi, unainua chesisi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, unapima tena.

Kabla ya kugeuza, jumla ya mwendo wa propela kutoka kukandamizwa kabisa hadi kuning'inia haikufika milimita 15. Nimeiandika ukutani kwa chaki.

Kasta, yaani ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ilikuwa digrii 3 na nusu, sawa na kipimo cha kiwandani.

Nafasi kati ya tairi na kona ya nyuma ya madigadi: inatosha vidole vinne springi ikiwa imekandamizwa. Gurudumu likianza kurudi nyuma linapopanda, vidole hivyo vitaliwa. Kwa hiyo ekseli nzima itasogezwa mbele milimita 20.

Julai: kukata na kuchomelea

Kazi imefanyika Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, kwa mzee mmoja anayechomelea chesisi za malori. Aligonga chesisi ya Suzuki kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akaniangalia.

"Mwanangu, hiki ni bati. Lori lina chuma, hili lina bati."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mzee, sikwenda kwingine."

"Basi usinihimize."

Sikumhimiza. Betri ilitolewa na waya za alteneta zikachomolewa. Bomba la breki linalopita ubavuni likafunguliwa na kusogezwa. Kabla springi haijatoka, tulidondosha timazi kutoka senta bolti, ile ya katikati ya springi, ya kila upande, mbele na nyuma, tukapiga alama sakafuni, tukapima pembe kwa pembe. Tofauti ya mishazari miwili ilikuwa milimita 2. Alama hizo ndizo zilizotuongoza hadi mwisho, maana ukishakata kishikio cha zamani huna tena pa kupimia.

Mbele, pale shakeli ilipokuwa, pamewekwa kishikio kipya cha bati la milimita 6, chenye mbavu za kukizuia kisipinde kando. Kimo chake kinaweka jicho la springi palepale lilipokuwa likining'inia kwenye shakeli, milimita 20 mbele zaidi. Hapa ndipo nguvu zote za jiwe na breki zitakapofikia sasa, kwa hiyo hatukuridhika kukibandika chini ya chesisi tu. Mbavu zimepanda ubavuni hadi nusu ya kimo chake.

Nyuma kulikuwa na kazi ya kufikiri. Shakeli inahitaji kimo, na chini ya chesisi hapakuwa na kimo cha bure. Ungeweza kuining'iniza kwa kishikio kirefu, lakini gari linainuka nyuma ya springi na kasta inapita kiasi. Tulichofanya ni kutoboa chesisi katikati ya kimo chake, tukapitisha bomba nene toka ubavu hadi ubavu, likachomelewa pande zote mbili, bushi zikakaa ndani yake. Tundu la katikati ya kimo haliidhoofishi sana chesisi, kwa kuwa mzigo unapoipinda ni kingo za juu na chini zinazobeba. Juu ya kila tundu kukawekwa kiraka chenye umbo la almasi. Mzee alikataa kabisa kiraka cha mraba: mstari wa welding ukikatiza chesisi wima, alisema, ndipo chesisi itakapokatikia. Nimeona malori ya kutosha kumwamini.

Vibati vya shakeli ni milimita 110 kati ya tundu na tundu, na gari likiwa limesimama kwenye uzito wake vinalala nyuma kama digrii 15. Hapo pia panataka uangalifu. Vikisimama wima springi inakuwa ngumu mwanzoni mwa mwendo. Vikilala kuelekea ekseli, vinaweza kupinduka gurudumu linaponing'inia, na vikishapinduka havirudi vyenyewe. Tuliinua chesisi mpaka magurudumu yakaning'inia kabisa kuhakikisha havifiki huko.

Bolti zote za daraja la 10.9, nati za kujifunga. Bushi nimebaki na za mpira. Zile ngumu za plastiki zinadumu, lakini hazipindi, na springi ya bapa lazima ijipinde kidogo gurudumu moja likipanda peke yake.

Julai: propela

Utepe na mstari wa rangi vimetoa jibu nililolitarajia: mwendo wa propela sasa ni zaidi ya milimita 50, na sehemu kubwa yake iko upande wa kurefuka. Propela ya kiwandani, gari likining'inia, ilibaki imeshikilia meno machache tu ndani ya ala. Meno hayo yakitoka ukiwa kwenye mteremko, umepoteza nguvu ya mbele na chuma kinapiga chini ya miguu yako.

Kwa zile milimita 20 za kusogeza ekseli mbele, mkerezaji ametoa pete ya chuma ya unene huo, inakaa kati ya flanji ya propela na ile ya difu. Inarudisha propela pale ilipokuwa, lakini haiongezi mwendo. Kwa hiyo nimeagiza sehemu ndefu zaidi ya kutelezea, ikaunganishwa na ncha za propela ya zamani na kusawazishwa kwenye mashine. Ndiyo bili kubwa kuliko zote katika mradi huu, imezidi hata kazi ya mzee. Bahati ya Suzuki ni kwamba transfa iko peke yake katikati ya gari, mbali na giaboksi, hivyo propela ya mbele si fupi sana na krosi, yaani viungo vya ncha zake, hazipindi kupita kiasi. Kwenye gari ambalo transfa imeungana na giaboksi na propela ni fupi, ningefikiria mara mbili.

Mipira ya breki nayo imebadilishwa kwa mirefu. Ekseli inayokwenda mbele inaposhuka inaivuta.

Julai: kasta na usukani

Hapa mradi ulinilipa kitu bila kuomba. Jicho la nyuma la springi limeshuka kidogo kuliko lilivyokuwa, ekseli ikalala nyuma, na kasta imesoma karibu digrii 5. Sikuhitaji kabari yoyote. Shakeli ikiwa mbele, kila ukiirefusha kasta inapungua na gari linaanza kuzurura. Ikiwa nyuma, ukiirefusha kasta inaongezeka. Upande wa pili wa sarafu ni pua ya difu: imeinama kama digrii moja, na pembe ya krosi imeongezeka kiasi hicho. Kwa digrii moja sina neno. Mtu anayeinua gari sana atalipata tatizo hilo mapema, na atalisikia kama mtetemo wa propela.

Usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha.

Agosti: njia ya vumbi

Selela hadi Engaruka, njia ileile, matairi yaleyale, psi 22.

Inafanya kazi. Sitazunguka. Kwenye vijituta, usukani umetulia mkononi, na lile gongo kavu lililokuwa likipanda hadi kwenye fito za usukani limekuwa mtikisiko wa chini. Kinachonifurahisha zaidi ni unyoofu. Magurudumu ya mbele sasa yanavutwa na ncha iliyo mbele yao badala ya kusukumwa na iliyo nyuma, na gari linashika mstari wake kwenye mchanga bila kusahihishwa kila dakika. Kwenye makorongo, pale mbele inapodondoka na kupiga ukingo wa pili, ndipo ilipokuwa mbaya kuliko kote, na ndipo ilipopata nafuu kubwa.

Tairi haikugusa madigadi. Milimita 20 zilikuwa na maana.

Agosti: breki

Kwenye lami, kutoka kilomita 60 kwa saa, ukikanyaga breki kwa nguvu boneti inainama kuliko zamani. Si kitu cha kufikirika, abiria anakishika kishikio bila kuambiwa. Gari fupi namna hii, likiwa na dumu za maji nyuma, linanyanyua mkia na tairi za nyuma zinakuwa nyepesi. Kwenye mteremko wa changarawe, ukifunga breki juu ya jiwe, ekseli inarudi nyuma wakati huohuo pua inashuka, na kwa nukta moja unahisi gari linataka kujikunja.

Dawa niliyoifanya ni shokapu za mbele ngumu zaidi upande wa kukandamizwa. Imepunguza kasi ya kuinama. Kiasi cha kuinama kimebaki kilekile. Fundi mmoja alipendekeza kuongeza bapa kwenye springi. Nilikataa. Nimetumia fedha zote hizi kulainisha mbele, siwezi kuirudisha ugumu kwa bapa moja. Nimebadilisha mwendo wangu kwenye lami, nimesogeza dumu za maji mbele hadi nyuma ya viti, na nimelikubali hilo.

Agosti, mwishoni: ukuta wa Sale

Tulipanda magari mawili, mimi na rafiki mwenye Suzuki kama hii, shakeli zake bado mbele. Kule juu kuna sehemu ambapo mvua imekula njia ikaacha ngazi za mawe za kimo cha goti.

Lake lilipanda kwa kelele lakini lilipanda. Langu, magurudumu ya mbele yalipogusa ngazi na kuanza kuvuta, pua iliinuka, springi zikanyooka kuning'inia, na tairi zikaanza kurukaruka zikitafuta mahali pa kushika. Nilipita kwa kushuka upya na kuchagua mstari wa pembeni. Si kwamba haipandi. Inapanda ikiwa na mkono mwepesi wa mafuta, wakati lake unaweza kulisukuma. Wanaoshindana kwenye miamba huifunga ekseli kwa mkanda, au huivuta pua chini kwa winchi ndogo ili isiinuke. Mimi sibebi winchi kwenda Engaresero.

Jambo moja la heri: zamani vibati vya shakeli ndivyo vilivyokuwa vikigonga mwamba kwanza, maana vilining'inia chini ya bampa. Sasa kinachogonga ni kishikio cha milimita 6, na kina alama nyeupe ya jiwe tayari. Hakijahama.

Rafiki aliniuliza juu pale kama naye ageuze. Yeye anaendesha polepole, anapenda mawe, na wikiendi zake ziko Longido na Monduli. Nilimwambia abadilishe bushi, asugue mabapa, anunue shokapu nzuri, na fedha ya propela aitafutie difu ya kufunga, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja.

Septemba: yaliyobaki

Welding zote zimekaguliwa tena baada ya safari kwa kupigwa burashi na kupakwa mafuta ya taa; hakuna ufa. Bolti mbili za shakeli zililegea robo ya mzunguko, zimekazwa gari likiwa chini kwenye uzito wake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki bushi zinajisokota zikishushwa na kufa haraka. Raba za kugongea ekseli zinahitaji kusogezwa nyuma, kwa sababu ekseli sasa inapopanda inafika nyuma ya zilipokuwa, na raba ya kulia imegusa nusu tu. Rangi ya kuzuia kutu ndani ya mabomba ya shakeli bado, na mvua za vuli haziko mbali.